Mtu wa mgomo nikajipata mwajiri

Wacha niseme mapema usije ukanisoma vibaya: mimi ni mtu wa mgomo. Nafundisha shule ya msingi hapa Nakuru, makato ya KNUT, chama chetu cha walimu, yanatoka kwa peisilipi yangu kila mwezi tangu niajiriwe, na 2015 nilikuwa barabarani na tawi la mti mkononi nikiimba kama wengine wote. Sasa mwaka jana, kuna shule ya sekondari upande wa Njoro, jina naacha, binti yangu anasoma huko, wazazi wakanichagua niwawakilishe kwa bodi. Nikaona sawa tu, ni mambo ya kupitisha bajeti na kunywa chai. Hakuna mtu aliniambia kwamba ukiingia bodi ya shule wewe ni mwajiri. Mwajiri kabisa, wa kisheria. Walimu ni wa TSC, ile tume ya kuajiri walimu, hao hatuwagusi, lakini wapishi, soja wa lango, metroni, mtu wa labu, karani, dereva, yule mzee wa ng'ombe, wote barua zao za kazi zinatoka kwa bodi na wakitaka kuongezwa pesa ni mbele yetu watakuja.

Na walikuja. Mkutano wangu wa pili tu.

Ni watu 19. Barua ya chama chao ilikuwa inadai nyongeza ya asilimia 20 na ilikuwa na sababu moja, gharama ya maisha imepanda, ambayo hata wewe unajua ni kweli kwa hivyo haielezi kitu. Sisi nasi tulikuwa tumekaa kando siku mbili kabla, tukakubaliana tutaanzia 3, wakitusukuma sana tufike 5. Yaani ilikuwa biashara ya mbuzi. Mwenye mbuzi anataja elfu kumi na anajua hatapata, mnunuzi anataja elfu nne na anajua hatapewa, wanazungushana hapo mpaka jua linazama, tofauti ni kwamba sokoni mkishindwana kila mtu anaenda zake na mbuzi anarudi nyumbani. Hapa mkishindwana kuna watoto mia tatu wa bweni wanangoja chakula cha jioni.

Tulikaa stafurumu. Meza refu, bodi upande wa dirisha, wao upande wa mlango, na afisa wa chama kutoka mjini akiwa na faili nene akaanza na katiba, kifungu cha 41, haki ya mfanyakazi kujiunga na chama, haki ya kugoma, haki ya chama kujadiliana na mwajiri. Yote kweli. Mwenyekiti wetu akamwacha amalize, akanywa maji, akasema yale maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote nikiwa upande ule mwingine: nje ya hilo lango kuna watu wengi wanatafuta kazi. Mama mpishi mkuu akaniangalia. Sijui kwa nini aliniangalia mimi, labda juu anajua mimi ni mwalimu, labda alifikiria nitasema kitu. Nikafungua daftari nikajifanya naandika.

Dakika arobaini hazikuisha wakatoka. Wiki iliyofuata tukapata nakala ya barua yao kwa wizara ya leba kwamba kuna mgogoro. Ile sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 iko wazi, mgogoro ukiripotiwa analetwa mpatanishi, siku 30 zikiisha bila kuelewana chama kinatoa notisi ya siku saba na watu wanaweka vijiko chini. Mwenyekiti akaanza kuulizia ni nani anajua kampuni ya kupika kwa kandarasi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikawa nahesabu migomo kama vile wengine wanahesabu kondoo.

1997 nilikuwa kidato cha tatu. Ilikuwa Oktoba, uchaguzi uko karibu, walimu wakatoka chini ya Ambrose Adongo, katibu mkuu wa KNUT, sisi tukarudi nyumbani tukafurahi sana, na serikali ya Moi ikakubali haraka haraka nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu, miaka mitano. Awamu ya kwanza ikalipwa. Zile zingine zikageuka hadithi, na mkataba huo mmoja ukazaa migomo 1998, 2002, mpaka 2013 bado watu wanagomea marupurupu ya mkataba wa 1997. Nilipoajiriwa nilikuta walimu wazee wanataja notisi ya kisheria nambari 534, ile ya nyongeza hiyo ya 1997, kama vile mtu wa kanisa anataja mstari. 2015 korti ya leba ikatupa asilimia 50 hadi 60, tukaimba, serikali ikasema hakuna pesa, tukagoma karibu wiki tano, shule zikafungwa, halafu Novemba korti ya rufaa ikafuta kila kitu. Tulikuwa tumeshinda na hatukupata ndururu. Kitu kilicholeta pesa ni kikao, Oktoba 2016, TSC na KNUT na KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, wakatia sahihi CBA, yaani mkataba wa pamoja wa vyama na mwajiri, ya shilingi bilioni 54 na ikaanza kuonekana kwa akaunti Julai 2017. Iliyofuata, ya 2021, ilikuja bila shilingi, ikawa ni ya likizo, mama siku 120 za uzazi na baba 21, na mimi sidharau hiyo likizo lakini mwenye duka haipokei. Halafu 2024, mswada wa fedha ukaondolewa baada ya vijana kuandamana, bajeti ikapigwa makasi, awamu ya pili ya nyongeza tuliyokuja kupewa 2023 ikaenda na hayo makasi, na Agosti 26 shule zikifunguliwa wenzetu wa KUPPET wakakaa nyumbani. Sisi chama chetu kilikuwa kimesimamisha mgomo jioni ya kuamkia.

Ukiangalia hiyo historia yote vizuri, hakuna mahali watu waligombana sana kama mwalimu anastahili ama hastahili. Ugomvi ulikuwa pesa iko wapi na nani amesema iko. Anayekaa mezani ni TSC, anayetoa ushauri wa mishahara ni SRC, mwenye funguo ya sanduku ni Hazina ya Taifa, na huyo wa funguo hakai kwa hiyo meza. Kwa hivyo mnaweza kuelewana kabisa, mkapigwa picha mkishikana mikono, na bado mwezi wa nane mko barabarani.

Sasa kwa sababu usingizi umekataa nikachukua simu nikaanza kusoma vile wengine wanafanya, moja ikaniongoza kwa nyingine nikafika Marekani. Kule mwalimu haajiriwi na nchi nzima kama sisi. Kila eneo lina wilaya yake ya shule, na hiyo wilaya ina bodi iliyopigiwa kura na bajeti yake, na ndiyo inakaa chini na vyama, cha walimu, cha madereva wa basi, cha wapishi na wafagiaji. California pekee wilaya hizo ni karibu elfu moja. Wana sheria ya 1975 inayosema madai ya kwanza ya kila upande lazima yasomwe kwa mkutano wa hadhara ndio hata mzazi ajue nini kinaitishwa na nini kinakataliwa, na wakikwama analetwa mpatanishi, akishindwa kunaundwa jopo la watu watatu linaingia kwa hesabu lenyewe na kusema ukweli uko wapi, hayo yote kabla ya mgomo. Nikafikiria vile sisi tunajua habari za CBA yetu kupitia WhatsApp, picha ya ukurasa mmoja imepigwa ikiwa imepinda. Hata hii ya juzi, ya 2025 hadi 2029, niliiona kwa simu nikiwa darasa la nne nasahihisha insha.

Huko California kuna wilaya inaitwa ABC, ndani ya kaunti ya Los Angeles. Si alfabeti, ni Artesia, Bloomfield na Carmenita, zilikuwa wilaya tatu zikaunganishwa 1965. 1993 walimu wa hapo waligoma siku nane. Kufika 1999 chama na mkuu wa wilaya wakaanza kufanya kazi pamoja rasmi, na kitu kimoja walichofanya ni kidogo mpaka unaweza kukidharau: kiongozi wa chama na mkuu wa wilaya wanakutana kila wiki, kuna kesi hakuna kesi. Saul Rubinstein wa chuo kikuu cha Rutgers na John McCarthy wa Cornell waliifuatilia hiyo wilaya miaka na miaka na wakaona shule ambazo walimu na wakubwa wao wanashirikiana vizuri, wanafunzi nao wanafanya vizuri zaidi.

Mtu wa bodi akisoma hapo atafurahi sana, aseme unaona, chama kiache kelele tuwe marafiki. Pole pole. Hawa hawakuanza na urafiki, walianza na mgomo wa siku nane. Huo ndio ulifundisha mkubwa kwamba mtu wa upande wa pili wa meza anaweza kusimamisha shule. Bila hiyo, kukaa pamoja na kuongea vizuri kunakuwa ni kuomba tu kwa sauti laini, na mimi nimeomba sana kwa hii maisha najua bei yake.

Basi. Afisa wa leba akaja, mama mmoja mkimya hivi ana miwani ya kusomea inaning'inia, akasikiliza kila upande peke yake halafu akatuambia Jumamosi tukutane tena lakini si stafurumu. Akataka dining holi. Na akamwambia basa, mtu wa hesabu za shule, aje na vitabu vyote, steitimenti za benki, orodha ya karo, madeni ya masapulaya, kila kitu. Basa akaangalia prinsipo, prinsipo akaangalia mwenyekiti, mwenyekiti akasema hivyo vitabu ni siri ya shule. Mama akauliza pole pole, siri kutoka kwa nani? Wizara inaviona, mkaguzi anaviona, hawa wanaolipwa kutoka humo ndio wasione?

Jumamosi tukafika, na dining holi unaijua, hakuna viti ni fomu ndefu za mbao, hakuna upande wa bodi wala upande wa wafanyakazi, unakaa mahali umepata. Mwenyekiti akajipata katikati ya soja wa usiku na metroni. Halafu kukatokea aibu ndogo: chai ya kikao ilikuwa inapikwa na wapishi wale wale tuliowaita kuongea nao. Tukawatoa jikoni waje wakae, na mmoja wetu wa bodi, mama wa kanisa aliyeletwa na mfadhili, akachukua birika akaanza kumwagia watu chai yeye mwenyewe. Nakwambia kuna kitu kilibadilika hapo kwa hiyo holi kabla hata mtu hajaongea.

Afisa akaweka sheria moja. Hakuna mtu kutaja asilimia mpaka saa ya chakula cha mchana. Ukitaja unaweka shilingi hamsini kwa bakuli. Unaleta shida yako, huleti jibu lako. Kufika saa saba bakuli lilikuwa na mia tatu hamsini, na mia mbili ya hizo ilikuwa ya mwenyekiti wetu.

Basa akasimama na ubao. Sikuwa nimewahi kuona mtu anatokwa na jasho hivyo asubuhi ya baridi ya Njoro. Akaandika mishahara ya watu 19 kwa mwezi, karibu shilingi 240,000. Akaandika kapitesheni, pesa ya serikali kwa kila mwanafunzi, ambayo kwa karatasi ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu ije muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu, na kando yake akaandika ni tarehe gani ilifika kweli kweli na ni ngapi ilifika. (Hizo asilimia hazikutozwa hamsini, tuliuliza.) Akaandika karo ya bweni ambayo wazazi hatujalipa. Hapo nikaangalia chini juu yangu ilikuwa ndani. Akaandika masapulaya. Na yule mtu wa labu ambaye ndiye shop stiwadi, mwakilishi wa chama hapo shuleni, kijana mwembamba anapenda hesabu kuliko kuongea, akasimama akatembea mpaka kwa ubao akaweka kidole kwa mstari wa maharagwe. Akauliza, huyu wa maharagwe analipwa baada ya wiki mbili, na sisi tuna miezi miwili hatujalipwa, ni kwa nini?

Basa akajibu bila kufikiria, na nafikiri ndio jibu la kweli kabisa lililotoka siku hiyo. Akasema, asipolipwa haleti.

Kimya. Unaelewa hicho kitu? Ilimaanisha pesa haikukosekana kabisa, ilikuwa inapangwa foleni na mpishi ni wa mwisho kwa sababu mpishi anakuja tu. Mpishi anaamka saa kumi ya usiku anawasha kuni mbichi macho yanatoka machozi, mwezi umeisha hajalipwa, kesho saa kumi yuko pale tena. Wao ndio walikuwa wanakopesha shule, bila riba, bila hata kuulizwa.

Lakini riba ilikuwako, ni sisi hatukuiona. Mzee wa lango, soja wa usiku, mtu wa miaka sitini hivi, aliongea mara moja tu hiyo siku nzima. Alisema kila mshahara ukichelewa anaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa riba hapo senta, anachukua elfu tano anarudisha elfu sita mwezi ukiisha. "Hiyo ishirini mnabishania," akasema, "mimi tayari natoa kila mwezi." Hakuna mtu alimwambia aweke hamsini kwa bakuli.

Halafu mama mpishi mkuu, yule aliyeniangalia siku ya kwanza. Binti yake yuko kidato kimoja na wangu. Akatoa karatasi mbili kwa leso. Moja ya shule ikimdai karo elfu tisa. Ya pili ilikuwa hesabu yake mwenyewe ya mishahara ya miezi miwili ambayo shule ilikuwa haijamlipa, elfu ishirini na nne. Akauliza, sasa kati yangu na shule ni nani ana deni? Na mbona mtoto wangu ndiye alirudishwa nyumbani?

Hiyo orodha ya watoto wa kurudishwa karo ilipitishwa na bodi. Nilikuwa kwa hicho kikao, niliinua mkono. Binti yangu mwenyewe alikuwa na deni lakini mimi nilikuwa nimeongea na prinsipo kando nikaomba wiki mbili, nikapewa, juu mimi ni mtu wa bodi. Mama mpishi hakuwa na wa kuongea naye kando. Alimpikia binti yangu siku zile zote wake akiwa nyumbani anaosha vyombo.

Siwezi kusema nililia, sikulia, lakini nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu.

Baada ya chakula asilimia ikaruhusiwa na kumbe haikuwa na uzito tena kama asubuhi. Tulimaliza saa kumi na moja. Mshahara ulipwe kufika tarehe tano, kabla ya sapulaya yeyote, na kapitesheni ikiingia mshahara wa mwezi mmoja unawekwa kando kwa akaunti yake usiguswe. Ikionekana utachelewa, basa amwambie stiwadi kufika tarehe moja, asingoje watu waulize. Mtoto wa mfanyakazi harudishwi karo ikiwa shule ina deni la mzazi wake, na mzazi akitaka deni lake likatwe karo atie sahihi mwenyewe, afisa alisisitiza sana hapo, mshahara wa mtu haukatwi kwa mdomo. Malimbikizo ya miezi miwili yalipwe mara tatu. Wafanyakazi wawili waone vitabu kila muhula. Saa kumi ya usiku ihesabiwe ni kazi. Na nyongeza ikawa asilimia 6, ambayo ni shilingi 14,400 kwa mwezi kwa watu wote, na kila mtu kwa hiyo holi alikuwa anaweza kukuonyesha kwa ubao zitatoka wapi. Kwa mstari wa kuni, kama unataka kujua. Tulikuwa tunanunua kuni kama watu wanaojenga meli.

Ningetaka kukwambia watu walishangilia. Wapi. Yule afisa wa chama kutoka mjini hakufurahi hata kidogo, na alikuwa na hoja. Alituambia wazi, mbele yetu, asilimia ikiingia kwa mshahara haitoki, inaenda mpaka kwa pensheni, lakini tarehe ni ahadi na ahadi ya bodi inavunjika prinsipo mpya akija. Kwa hivyo akakataa kabisa mambo ya kushikana mikono, akataka kila kitu, tarehe tano, vitabu, watoto, viandikwe ndani ya CBA yenyewe na CBA isajiliwe korti ya leba ndio ikivunjwa kuwe na mahali pa kwenda. Kuna watu wa bodi walinuna. Mimi nikamuunga mkono, na ndio mara ya kwanza kwa hiyo bodi nilijisikia kama mimi.

Aliyeumia ni yule kijana wa labu. Jumatatu maneno yakaanza jikoni, ati amenunuliwa, ati alionekana anakula chapati na mwenyekiti, ati tulienda na ishirini amerudi na sita. Ni kweli alikula chapati na mwenyekiti, walikuwa wamekaa fomu moja. Hii njia ya kukaa pamoja ina hiyo hatari na sijaona watu wakiiongelea vya kutosha: kiongozi wa chama akipiga meza anaonekana anafanya kazi, akisoma vitabu pole pole na mwajiri anaonekana msaliti, hata kama ndiyo imeleta zaidi. Ilibidi aombe ubao, aite wenzake wote dining jioni, arudie zile hesabu zote kutoka mwanzo, na basa akaja akasimama nyuma bila kusema kitu. Wakapiga kura. Kumi na wawili ndio, sita hapana, mmoja alikuwa likizo. Hao sita wengine bado hawamsalimii vizuri.

Na sisi wa bodi tusijisifu. Ile barua ya mgogoro ilikuwa bado iko wizarani siku 30 zinahesabika. Mwenyekiti hakukubali kufungua vitabu kwa sababu moyo wake ulilainika, alifungua kwa sababu aliulizia kampuni ya kupika kwa kandarasi na bei ikamkalisha chini. Nimemwambia hivyo na akacheka.

Muhula uliofuata kapitesheni ikachelewa, kama kawaida. Ile pesa ya kando ilikuwa haijafika mshahara mzima, ilikuwa nusu hivi. Tarehe moja basa akampigia stiwadi akamwonyesha salio la benki kwa simu, wakakaa wenyewe kwa wenyewe wakaamua walinzi na wapishi wachukue kwanza, wengine wangoje. Wengine walilipwa tarehe kumi na moja. Hiyo ni kuvunja mkataba, siku sita, na afisa wa chama ameandika barua na amefanya vizuri kuandika. Hakuna mtoto wa mfanyakazi alirudishwa nyumbani. Mzee wa lango ananiambia bado ana deni la zamani la shailoki lakini hajaongeza lingine.

Kitu hatujafanya ni jiko. Tulisema tutatafuta jiko la kubana kuni ndio ule moshi upungue na ile pesa ya kuni ipatikane kweli, maana nyongeza yote imekaa juu yake, na mpaka saa hii wapishi wanapuliza moto na kikohozi. Fundi wa kwanza alitupa bei ya kichaa. Wa pili yuko Molo, nimepewa kazi ya kumtafuta kabla ya kikao cha Jumamosi, mama mpishi amesema anakuja na mimi juu safari iliyopita tulinunua sufuria bila kumuuliza na haiingii kwa jiko lolote.